Mwaka Barabara Yetu Ilipomwagiwa Oili

Enzi zetu pale Ipagala, gari likikata kona kuingia mtaani kwetu, mama zetu walikuwa wanaacha kufua na kusimama. Gari lilikuwa na maana mbili tu: ama dereva amepotea njia, au limeleta taarifa ya msiba. Sisi watoto tulilikimbilia hivyo hivyo, tukaning'inia nyuma yake, tukarudi nyumbani tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, na hapo ndipo viboko vilipoanza kugawiwa. Nawasimulia ninyi wa rika langu, maana hawa wa sasa nikiwaeleza wananiuliza, sasa shuleni mlikuwa mnafikaje? Tulifika kwa miguu, wanangu. Mungu alitupa miwili kila mmoja.

Asubuhi tulitoka na fagio la kufagilia uwanja na kidumu cha maji ya kumwagilia bustani ya shule. Tulipita kando ya mashamba ya zabibu, tukimwamkia mlinzi kwa adabu kubwa mno, naye kwa adabu ile ile akajua tunataka kumwibia. Msimu wa mtama tulivunja mabua tukatafuna njia nzima, midomo ikachanika, tukafika darasani tukitema maganda. Wavulana waliendesha magari yao ya waya yenye usukani mrefu, wakibadilisha gia kwa mdomo, wakipiga honi kwa mdomo, na kama ilikuwa mlima injini iliguna kweli kweli. Hayo ndiyo yalikuwa magari yetu. Moshi wake ulikuwa mate.

Baba alikuwa karani katika wizara iliyohamishiwa Dodoma, mtu wa Mbinga aliyeletwa na kazi akabaki. Alikwenda ofisini kwa baiskeli ya Kichina, nyeusi, nzito, yenye kengele na kiti cha nyuma cha chuma. Alibana suruali yake kwa vibanio vya nguo ili isiingie kwenye mnyororo, akavaa na tai juu yake, na hakuna aliyecheka kwa sababu hata bosi wake alikuja hivyo hivyo. Jumapili baiskeli ilipinduliwa uani, magurudumu juu, ikafutwa spoku moja moja kwa kitambaa, na mimi ndiye niliyeshika kopo la mafuta ya cherehani. Jioni niliruhusiwa kuiendesha. Kwa kuwa miguu haikufika, nilipitisha mguu mmoja katikati ya fremu, nikaenda nimepinda upande kama kaa, nikaanguka, nikainuka. Nina kovu gotini mpaka leo na silijutii.

Mtaa wetu ulikuwa wa mchanganyiko. Walikuwapo wafanyakazi wa serikali wa kila kabila na kila dini, na walikuwapo Wagogo wenyeji waliokuwa pale kabla hata ya neno makao makuu kutamkwa. Jirani yetu wa karibu alikuwa mmoja wao, Bibi Nyemo, mama mtu mzima mwenye mbuzi wengi na sauti isiyohitaji spika. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yangu jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kuchimba maji.

Bomba tulikuwa nalo, ila kwa miezi mingi lilitoa upepo tu. Maji yalikuwa chini, kwenye korongo la mchanga lililopita mwisho wa mtaa. Kiangazi unaliona kavu kabisa, mbuzi wanalala humo. Lakini ukijua mahali pa kuchimba, mchanga unaanza kuwa baridi, halafu unalowa, halafu maji yanajikusanya taratibu, meupe, matamu, yamechujwa na mchanga wenyewe. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake, limezungushiwa miiba ili ng'ombe wasilikanyage, na haikuwezekana mtu akachota kwenye shimo la mwenzake bila kuomba. Mama alilichimba letu kwa mikono yake akiwa mgeni wa mji, Bibi Nyemo akimsimamia na kumwambia, "Chimba, mwanangu, hayo machozi utakuja kulia ukiwa na maji ya kunawia." Mama alikuwa amepakumbuka kwao siku hiyo.

Nyumbani tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Tunu. Tunu alizaliwa na kifua kibaya. Upepo wa Julai ukianza kuvuma, alikuwa anakaa wima kitandani akivuta pumzi kwa mabega, na mama anamsugua mgongo huku akimwimbia ili asiogope. Tulizoea. Upepo ulikuwa na msimu wake, unakuja na unapita, na msimu ukipita Tunu aliruka kamba kuliko sisi sote.

Ndipo zikaja zama za ruksa. Mnazikumbuka. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kupanga foleni yakajaa vitu mpaka mlangoni, mitumba ikashuka, na baada ya nguo za mitumba yakaja magari ya mitumba kutoka Japani, bado yameandikwa kwa maandishi yao ubavuni. Wa kwanza mtaani kwetu kununua alikuwa Mzee Iddi, mfanyabiashara wa alizeti na mahindi aliyetoka Kolo, kule Kondoa. Alinunua pikapu nyeupe. Siku ilipofika tulisomewa dua, waliokuwa Wakristo nao wakaitikia amina, tukala pilau, na watoto wote tukapandishwa nyuma tukazungushwa mtaa mzima. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena ndani ya gari lolote, na nimeshapanda mengi.

Baada ya Mzee Iddi akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Njia panda, mahali mtaa wetu ulipoachana na barabara ya lami, ikafunguliwa gereji. Barabara yetu ilikuwa udongo mtupu. Baiskeli na miguu viliikanyaga ikawa ngumu na kulala, lakini tairi za gari ziliichimba ikageuka unga. Pikapu ikipita asubuhi, vumbi linasimama mpaka liingie kwenye sufuria la uji. Halafu inapita tena mchana, na tena jioni. Upepo wa Julai ulikuwa unapumzika. Magari hayakuwa na Julai.

Tunu akaanza kubanwa mwaka mzima. Mama alitundika kanga zilizolowa madirishani, alimvukiza, alimpa vidonge, na bado tukawa watu wa hospitali. Siku moja daktari alimsikiliza kifua, akavua vile vya masikioni, akamwambia mama, "Huyu mtoto mtoeni kwenye vumbi." Mama akamjibu kwa heshima yote, "Daktari, kumtoa Dodoma kwenye vumbi si ndiyo kumtoa Dodoma?" Daktari akasema ndiyo, kama mna ndugu mahali penye unyevunyevu, mpelekeni. Shangazi yetu alikuwa Mbinga, kwenye milima na migomba. Kurudi nyumbani mama alimbeba Tunu mgongoni ingawa alikuwa amekua, akasema mbele ya baba maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Mtoto wangu hatalelewa na mtu mwingine nikiwa hai. Tafuteni dawa ya vumbi."

Baba akaitafuta. Na aliipata karibu, pale gereji.

Oili chafu tuliijua sote. Ni ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ikishachoka, nyeusi, nzito. Mafundi seremala walipaka mbao, wenye vibanda walipaka nguzo ili mchwa wasile. Baba akaona kwamba pale mbele ya gereji, mahali mafundi walipomwaga oili kila siku, ardhi ilikuwa imeshikana na gari likipita haliinui kitu. Akakaa na wazee wa mtaa, akawaeleza kwa lugha yake ya ofisini kwamba tatizo lina ufumbuzi ndani ya uwezo wetu. Hakuna aliyepinga. Mwenye gereji alifurahi, maana alikuwa hajui pa kuitupa. Mzee Iddi alijitolea pikapu kubeba madebe. Bibi Nyemo mwenyewe alileta ndoo yake na kumwagia mbele ya zizi la mbuzi, akasema watu wa ofisi leo wametumia akili.

Basi barabara yetu ikawa nyeusi. Kutoka mbali ungedhani tumepigwa lami, na wageni walitupongeza. Kuku weupe wakawa wa kijivu. Nyayo zetu zikawa nyeusi, mama akizisugua kwa mafuta ya taa na jiwe, tukilia. Baba aliingia nayo ndani kwa viatu mpaka mkeka wa sebuleni ukatupwa. Lakini vumbi lililala. Gari linapita, hakuna kitu. Na Tunu akalala. Usiku wa kwanza ule mama hakulala yeye, alikaa akimsikiliza akipumua, asubuhi akamkuta baba anabana suruali yake, akamshika mkono mbele yetu watoto, jambo ambalo wazazi wa enzi zile hawakulifanya. Baba akaona aibu, akapanda baiskeli haraka akaondoka.

Tulikaa hivyo kiangazi chote. Tunu aliruka kamba barabarani kwenye ule weusi, na kila oili ilipokauka, watu walimwagia nyingine.

Mvua ya kwanza Dodoma haina hodi. Inakuja Desemba na upepo mkali, inapiga bati, watoto wanatoka nje uchi, na ile harufu ya udongo unaolowa inapanda mpaka unatamani kuutafuna. Mwaka ule harufu haikupanda. Ilinuka gereji. Maji yalishuka na barabara yakiwa na rangi zote, zambarau, kijani, dhahabu, yakizunguka na kung'aa, na sisi tukacheza humo tukiita upinde wa mvua umelala chini. Tuliufuata mbio mpaka mwisho wa mtaa, mpaka tukauona unaingia korongoni. Tuliupigia makofi.

Maji ya mafuriko yalipopungua, mama alikwenda kuchimba shimo lake upya, kama alivyofanya kila mwaka mvua ikishalijaza mchanga. Nilikuwa naye. Mchanga ulikuja baridi, ukaja umelowa, na maji yakaanza kujikusanya, na juu yake palikuwa na utando wenye zile zile rangi. Mama akayachota na kuyamwaga, akasubiri. Yakaja mengine, vile vile. Akayaonja, akatema. Bibi Nyemo alikuwa kwenye shimo lake hatua chache kutoka kwetu, ameshika kata, naye ameonja. Walitazamana. Nilitegemea Bibi Nyemo atafoka, maana kufoka kwake kulijulikana, lakini alikaa chini kwenye mchanga akasema polepole, "Na mimi nilimwaga ndoo yangu."

Mama hakulia pale. Alilia njiani, ndoo tupu kichwani, na maneno aliyosema hayakuwa ya kuniambia mimi: "Nilidhani nimempatia mwanangu pumzi. Kumbe nimezinunua kwa maji ya watu."

Watu hawakumlaumu baba, na hilo lilimuumiza zaidi. Alitoka Jumamosi na jembe peke yake akaanza kuukwangua ule udongo mweusi, na ilipofika saa nne wanaume wote wa mtaa walikuwa barabarani. Walikwangua kutoka njia panda mpaka korongoni. Kisha ikawa swali la kuupeleka wapi, maana popote walipotaja palikuwa na mtu anayelima au mbuzi anayekula. Mwishowe waliufukia kwenye shimo la zamani la kufyatulia tofali, mbali na korongo, na hakuna aliyesema tumeumaliza. Maji tukayafuata juu zaidi kwenye korongo, mwendo wa kuchosha shingo, na mashimo ya zamani tukayaacha na miiba yake.

Barabara ikarudi kuwa unga. Sasa mama akatoka. Sijui alikusanya wapi ujasiri, maana kwa kawaida alikuwa mpole. Alikwenda kwa Mzee Iddi na Bibi Nyemo ubavuni, nami nyuma yao. Mama akaamkia, akapewa kiti, akashindwa kusema. Bibi Nyemo akasema.

"Iddi, kutoka lami mpaka hapa kwako unaumwa miguu?"

"Miguu siumwi, Bibi. Ila magunia je?"

"Magunia yana punda. Wewe si umetoka Kondoa? Kwenu hamna punda?"

Mzee Iddi akacheka, halafu akaacha kucheka, akamtazama mama. Akasema, "Kule Kolo nimepanda milima na gunia la mtama kichwani nikiwa kijana. Nilinunua gari ili nisitembee tena, mama. Hilo ndilo nililolinunulia. Lakini mtoto ni mtoto. Kuanzia kesho litalala gereji."

Na kweli lililala gereji. Alishuka njia panda akiwa na kanzu yake, akatembea mpaka nyumbani akisalimia mlango hadi mlango, na magunia yakaja kwa mkokoteni wa punda. Akamshawishi na mwenye duka la vifaa. Baada ya muda akawa anasema usingizi wake umekuwa mtamu na habari za mtaa anazipata zote. Tunu alikuwa anamsubiri pale kona, anampokea mfuko wa mkate, wanatembea pamoja. Tulidhani tumeshinda.

Lakini mtu mmoja unaweza kumwomba. Wawili unaweza kuwaomba. Mwaka uliofuata magari yalishuka bei, kila mtu mwenye nafasi akachukua lake, na wengine walikuwa wageni, wanapita mtaani kwetu kukata njia, hata majina yao hatuyajui. Mama alisimama barabarani akinyoosha mkono, akiwaomba wapunguze mwendo. Wengine walipunguza. Wengine walimpigia honi. Mmoja alifungua kioo akamuuliza kama barabara ni ya baba yake. Mzee Iddi aliendelea kutembea kwa miguu ndani ya vumbi la wenzake, kanzu ikawa haitakati tena.

Mwezi wa saba Tunu alibanwa mpaka kucha zikawa za bluu. Aliporudi kutoka hospitali, mama alikunja nguo zake bila kuambiwa na mtu. Asubuhi ya safari baba alimpakia Tunu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mfuko ukiwa kwenye usukani, akampeleka stendi kupanda basi la Iringa, na kutoka huko Songea, na kutoka huko Mbinga. Mama hakwenda stendi. Alisema ana kazi ya kufua, na alifua hata nguo safi.

Kifua cha Tunu kilipona kule. Shangazi aliandika kwamba anapanda milima na anaimba kwaya. Tulifurahi, na siwadanganyi, tulifurahi kwa kweli.

Leo Ipagala ina lami, na vumbi la barabarani limepungua sana. Mahali pake kuna moshi, na foleni asubuhi kuelekea mjini, kila gari lina mtu mmoja ndani amekunja uso. Korongo limejaa chupa za plastiki, na nikimwambia kijana wangu kwamba tulikunywa maji humo anadhani namtania. Kijana huyu ananiomba gari aende kwenye jengo la mazoezi akaendeshe baiskeli isiyo na magurudumu, ajipunguze tumbo, kisha arudi na gari. Mimi mwenyewe ninalo gari, sitajifanya malaika. Ila siku nyingi naliacha uani na kwenda kazini kwa baiskeli, na watu wa heshima zao wamenisimamisha kuniuliza kwa upole kama nimeachishwa kazi. Wenzangu wa rika langu, tulikuwa maskini wa vitu vingi, lakini barabara ilikuwa yetu, pumzi ilikuwa bure, na mtoto mwenye kifua kibaya alikuwa na miezi ya kuruka kamba kwao.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama yupo, nakaa naye, macho yamekuwa hafifu ila masikio ni mazima. Desemba iliyopita Tunu alikuja kututembelea, mama mzima sasa, ana watoto wake na lafudhi ya kusini. Hukaa siku chache tu, kabla kifua hakijaanza. Geti lilikuwa wazi, mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama nje na begi lake akabisha, "Hodi wenyewe!"

Mama akaitikia kutoka ndani, "Karibu, mgeni."

Nikamwambia, "Mama, ni Tunu huyo."

"Najua ni Tunu," mama akasema.